Ukitaka kujua malezi ya nyumba yako, muulize mtoto

Kuna swali moja kwenye dodoso la malezi ambalo nikilisoma kwa sauti mbele ya mzazi najua kabisa kitakachofuata, atacheka. Swali lenyewe kwa maneno yangu linasema hivi: adhabu unayompa mtoto inategemea siku hiyo umeamkaje. Jibu unachagua namba, moja ni haitokei kabisa na tano ni kila mara. Wamama wanacheka, wababa wanaangalia pembeni, alafu karibu wote wanasema "weka mbili". Mbili ndo namba ya heshima huku kwetu, ukisema moja utaonekana muongo na ukisema tatu utaonekana mkorofi.

Mi kazi yangu ni udodosaji, yaani ni yule mtu anayebisha hodi na kishikwambi mkononi na kitambulisho shingoni, anaomba dakika arobaini ambazo huwa zinageuka saa na nusu. Nimefanya tafiti za maji, za vyandarua, za mikopo ya vikundi, lakini za malezi ndo zinanikaa kichwani manake nikirudi nyumbani na mimi nina watoto wananisubiri, na yale maswali niliyokuwa nawauliza watu mchana yananifuata mpaka jikoni. Sasa huku mtandaoni kila siku naona watu wanabishana malezi chanya, malezi hasi, watoto wa siku hizi wameharibika, wazungu wametuletea nini sijui, na hakuna anayeuliza hayo malezi yamepimwaje na yamepimwa na nani. Ngoja niwaeleze kwa jinsi ninavyoyaona kutokea huku chini.

Kwanza ile mitindo minne mnayoijua. Ilianzia kwa Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha California pale Berkeley, miaka ya 1960 alichunguza watoto wa chekechea na wazazi wao akaja na aina tatu: mzazi anayeweka sheria na bado anasikiliza, mzazi wa amri tupu, na mzazi anayeachia. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin wakaipanga upya kwa vitu viwili tu, unamdai mtoto kiasi gani na unamuitikia kiasi gani, ukivikutanisha ndo unapata na ya nne, mzazi ambaye hadai kitu wala haitikii, yupo tu. Hizo nne ndo zinazunguka kwenye status za WhatsApp, "wewe ni mzazi wa aina gani", watu wanazisoma kama nyota za gazetini. Mi sizipendi sana kwa matumizi hayo. Mtu mmoja anaweza kuwa zote nne ndani ya mwezi mmoja, asubuhi ya kuwahi daladala ni amri tupu, jioni kachoka anaachia, Jumapili anasikiliza vizuri kabisa, tarehe 25 hela imeisha mawazo yamemjaa hayupo kabisa ingawa kakaa palepale kwenye kochi.

Ndo maana watafiti wengi hawakuulizi wewe ni mzazi gani, wanakuuliza unafanya nini na mara ngapi. Dodoso ambalo limezunguka dunia nzima kwa hilo linaitwa la Alabama, alilitengeneza Paul Frick mwaka 1991 akiwa chuo kikuu cha Alabama Marekani, lina maswali 42. Mengi yanaangukia kwenye mafungu matano. Mawili ni ya uzuri: kushiriki maisha ya mtoto, yaani unaongea naye kuhusu siku yake, unamsaidia homuweki, mnaongea kuhusu rafiki zake, na kumtia moyo, yaani akifanya vizuri unamwambia, unamkumbatia, unampa kazawadi. Matatu ni ya ubaya: hujui mtoto yuko wapi na yuko na nani, nidhamu yako inayumba, na unampiga.

Watu wengi wakisikia malezi hasi wanaruka moja kwa moja kwenye fimbo. Fimbo ipo, nitaifikia, lakini mi fungu linalonikamata ni hilo la kuyumba, na ndo ambalo mzazi akiulizwa hajioni. Kuyumba ni kutishia adhabu alafu hutoi. Ni kumfungia leo asicheze, kesho anakulilia kidogo unamfungulia kabla muda haujaisha. Ni kosa lilelile Jumatatu limepita hivihivi na Alhamisi limeleta kipigo kwa sababu Alhamisi umegombana na bosi. Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa huko Oregon Marekani, miaka ya 70 mpaka 80, alikaa na timu yake wanaenda majumbani kwa watu wanaandika nani kafanya nini baada ya nani, na walichokiona ni kitu ambacho kila mtu aliyewahi kusimama duka la Mangi na mtoto wa miaka minne anakijua. Mtoto anataka biskuti, unasema hapana, analia, unasema hapana kwa ukali, anajirusha chini watu wanaangalia, unanunua biskuti. Hapo mtoto kajifunza kwamba kelele zinalipa, na wewe umejifunza kwamba ukikubali kelele zinaisha, wote wawili mmepewa zawadi kwa kitu kibaya. Siku nyingine zamu inageuka, wewe unapiga kelele zaidi yake, ananyamaza, na wewe unajifunza kwamba ukali unalipa. Inarudiwa mara mia na kila mara kelele zinapanda daraja moja. Mtoto wa hivyo akifika shule haelewi kwanini mwalimu hakubali.

Sasa tuje kwenye kupima kwenyewe, na hapa ndo nina la kusema.

Ukifika kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, ukamwambia mama fulani tukae faragha, faragha yenyewe ni kibarazani, jirani anachambua mchele hatua tatu kutoka hapo na kanyamaza kuliko alivyowahi kunyamaza maisha yake yote. Unauliza "mtoto akikosea unampiga kwa mkanda, fimbo au kitu kingine?" Anaangalia jirani, anaangalia kishikwambi, anakuuliza "hii inaenda ustawi wa jamii?" Unamsomea tena ile fomu ya ridhaa, majibu ni siri, jina halitumiki. Anasema basi weka mbili. Na mtoto mwenyewe amesimama mlangoni ana kovu la mwiko kwenye kiwiko. Simlaumu huyo mama, kila mtu anataka aandikwe vizuri, hata mimi nikiulizwa nakula matunda mara ngapi kwa wiki siwezi kusema ukweli mbele ya mtu ana karatasi.

Alafu tunaenda kwa mtoto. Kuna toleo la watoto la dodoso hilohilo, maswali yaleyale yamegeuzwa, badala ya "unamwambia amefanya vizuri" inakuwa "wazazi wako wanakwambia umefanya vizuri". Tunakaa naye mbali, chini ya mwembe au darasani baada ya vipindi. Na jamani majibu ni ya nyumba mbili tofauti. Mama kasema tano kwenye kuongea na mtoto kila siku, mtoto anasema mbili, "ananiuliza kama nimeoga". Mama kasema hajui kumtukana, mtoto anakutajia majina ya wanyama aliyoitwa kwa mpangilio. Na kuna upande wa pili pia, baba kajipa moja kwenye kushiriki kwa sababu anaondoka alfajiri anarudi usiku, mtoto kampa nne, kisa Jumapili wanaosha pikipiki pamoja na wanapiga stori.

Hili sio la uswahilini kwetu tu. Mwaka 1987 Thomas Achenbach na wenzake walikusanya tafiti nyingi zilizouliza watu tofauti kuhusu tabia za mtoto yuleyule, wakakuta mtoto anavyojieleza na watu wazima wanavyomueleza vinakubaliana kwa 0.22 tu, ambapo 1 ndo kukubaliana kabisa na 0 ni kila mtu na lake. Hiyo ni tabia ya mtoto, kitu kinachoonekana mchana kweupe. Sasa fikiria malezi, ambapo mmoja wa wanaoulizwa ndo mtuhumiwa.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Afrika Kusini. Lucie Cluver na wenzake walijaribu programu ya malezi kule Eastern Cape, familia 552 zenye vijana, vijiji na vitongoji 40, wengine wakapewa mafunzo ya wiki 14 na wengine hawakupewa hayo, matokeo yakatoka 2018. Wazazi waliopata mafunzo walisema kuwaumiza watoto kumeshuka karibu nusu ukiwalinganisha na wale wengine. Vijana wao wenyewe wakiulizwa, tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba huwezi kuitofautisha na bahati. Kwenye kushiriki maisha ya mtoto pande zote mbili zilisema kumekuwa na nafuu, ila wazazi walijiona wamebadilika sana na watoto waliona wamebadilika kidogo. Na lile fungu la kuyumba halikusogea, si kwa wazazi wala kwa watoto. Sisemi programu ilikuwa mbaya, kwa kweli ni kati ya kazi nzuri kabisa tulizonazo Afrika na programu za ukoo huohuo zimefika mpaka Tanzania, mafunzo yanaitwa Furaha. Ninachosema ni kwamba kama wangewauliza wazazi peke yao tungeshangilia mara mbili ya tunachopaswa kushangilia.

Kwahiyo watafiti wana mbinu za kuminya ukweli. Moja ni kuacha kuuliza "kwa kawaida" na kuuliza muda mfupi, hilo la Alabama lina toleo la simu linalouliza siku tatu zilizopita tu, mara ngapi. "Kwa kawaida" mtu anajibu anavyotamani kuwa, siku tatu zilizopita anajibu kilichotokea. UNICEF nao kwenye tafiti zao za kaya wanauliza mwezi uliopita, na uzuri wao hawamuulizi mama kama yeye kapiga, wanauliza kama yeye au mtu mzima mwingine yeyote wa nyumba hii amefanya hivi na hivi, amemueleza kosa lake, amempa kitu kingine cha kufanya, amemtikisa, amemfokea, amemuita mjinga au mvivu, amempiga na kitu. Hiyo inatufaa sana huku manake mtoto wetu analelewa na bibi, na shangazi, na mjomba aliyekuja kutafuta kazi, na dada wa kazi ambaye mwenyewe ana miaka kumi na sita. Alafu mwisho kabisa wanauliza: unaamini mtoto lazima apigwe ndo alelewe vizuri? Ripoti yao ya 2017 inasema watoto watatu kati ya wanne wa miaka 2 mpaka 4 duniani wanapata adhabu za kupigwa au kufokewa na kutukanwa nyumbani, wakati wanaoamini kwamba kipigo ni lazima ni kama mzazi mmoja kati ya wanne. Yaani tunafanya kitu ambacho wengi wetu hata hatukiamini. Tumechoka tu.

Kuna maswali mengine ya Alabama ambayo yakifika hapa yanachekesha. Unampeleka mtoto kwa gari kwenye shughuli zake? Gari lipi. Mtoto anatoka bila kukuachia ujumbe wa maandishi? Hapa mtoto akitoka anaonekana na watu kumi na wote wanaweza kukuambia kapita wapi na kavaa nini. Mtoto yuko nje giza limeingia bila mtu mzima? Sasa nje ni kwa bibi yake nyumba ya nne. Lile fungu la kujua mtoto yuko wapi na nani ukilibeba kama lilivyo utawaandika wazazi wa uswahilini wote kuwa wazembe, na mzazi wa geti kali ambaye mtoto kajifungia na simu chumbani toka mchana anapata alama nzuri kabisa. Ila na mimi nisijidanganye sana na habari za "mtoto ni wa jamii". Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walishapigwa, kupigwa kweli, kabla ya kufika miaka 18, na waliowapiga wengi ni ndugu na walimu. Hiyo jamii inayomlea ndo hiyohiyo.

Haya, madhara. Upande wa mtoto nako kuna vipimo vyake, kinachotumika sana ni dodoso linaloitwa SDQ, la Robert Goodman, Muingereza, la mwaka 1997, maswali 25 na Kiswahili chake kipo: mtoto ana hofu na huzuni, ana ukorofi, anatulia au hatulii, anaelewana na wenzake, anasaidia watu. Unachukua alama za malezi na alama za mtoto unaangalia kama zinaenda pamoja. Tobias Hecker na wenzake walifanya hivyo kwa wanafunzi 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania, wakachapisha 2014. Karibu wote walishachapwa, nyumbani na shuleni, na nusu yao walikuwa wamechapwa na mtu wa familia ndani ya mwaka huo. Na waliochapwa zaidi nyumbani ndo waliokuwa na ukorofi zaidi, yaani fimbo na tabia mbaya vinapanda pamoja.

Najua mtu ameshaandika komenti kichwani: si ndo kwa sababu mtoto mkorofi anachapwa zaidi? Swali zuri, na sio jipya, Richard Bell aliliuliza mwaka 1968, kwamba tunadhani mzazi anamtengeneza mtoto kumbe na mtoto anamtengeneza mzazi. Utafiti wa siku moja kama huo wa 409 hauwezi kulijibu. Kwahiyo kuna wanaofuatilia watoto miaka, wanapima ukorofi wa mwanzo alafu wanaangalia fimbo inaongeza nini juu yake, na mara nyingi inaongeza, kidogo lakini kwenda upande uleule. Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor mwaka 2016 walijumlisha tafiti 75 zenye watoto 160,927 za kuchapwa makofi ya kawaida tu, sio kuumizwa, wakakuta kati ya mambo 17 waliyoangalia 13 yanaenda pamoja na kuchapwa, na yote 13 ni kwenye ubaya. Kwa mtoto mmoja mmoja uzito wake ni mdogo, nalisema hilo wazi manake kuna watu wanauza semina kwa kutishia kwamba ukimgusa mtoto mara moja basi umemuua.

Na "mbona sisi tulichapwa na tuko fresh?" Hii mi siidharau, na kuna utafiti uliichukulia kwa uzito. Jennifer Lansford na wenzake, 2005, nchi sita: China, India, Italia, Kenya, Ufilipino na Thailand, mama na watoto 336. Mama wa Kenya ndo walioongoza kwa kuchapa, wa Thailand wakawa wa mwisho. Walichokiona ni kwamba pale ambapo mtoto anaona kuchapwa ni kitu cha kawaida, kila mwenzake anachapwa, madhara yanapungua. Yaani bibi yako alikuwa na nusu ya ukweli. Ila yanapungua, hayaishi, hata huko watoto waliochapwa zaidi walikuwa na hasira zaidi na wasiwasi zaidi kuliko wenzao. Alafu kuna kitu mi nakiongeza mwenyewe: ile kawaida inaondoka. Kenya katiba ya 2010 imekataza, Uganda na Rwanda shule hazichapi kisheria, watoto wetu wana binamu huko wanaongea nao kwa video. Mtoto wa leo anayechapwa anajua kuna wasiochapwa, kwahiyo ile kinga tuliyokuwa nayo sisi ya kudhani dunia nzima iko hivi, yeye hana.

Nyumbani kwangu sina dodoso la maswali 42. Nina maswali matatu ninayomuuliza mkubwa wangu tukiwa tunafua, mikono iko kwenye povu hatuangaliani usoni. Toka juzi nimekufokea mara ngapi? Kuna kitu nilisema nitafanya sijafanya? Kuna kitu ulitaka kuniambia ukaacha? La pili ndo ananimaliza, ana kumbukumbu ya karani wa mahakama, mpaka ahadi ya kumfundisha kuendesha baiskeli ya mjomba wake iko kwenye faili.

Kama utajaribu, usijitetee. Akisema mara nne na wewe unajua ni mara mbili, andika nne, manake yeye ndo aliyefokewa. Usiulize siku umemuadhibu wala siku umemletea zawadi, majibu ya siku hizo hayana faida. Baba naye aulizie zamu yake peke yake, mtoto hawezi kumpa mama alama za kweli baba akiwa amekaa hapo. Na dada wa kazi muulize, yeye anaona mengi kuliko nyie wote wawili, ila mwambie mapema kabisa kwamba mshahara wake hauhusiani na jibu atakalotoa, na uhakikishe kweli hauhusiani.